Gari la michezo lisilowaka baada ya betri kuisha: mwongozo wa hatua kwa hatua

Swali hili huja karibu kila mara kwa maneno yale yale: betri iliisha kabisa, mwenye gari akaichaji au akaibusti kwa umeme wa gari jingine, taa za dashibodi zikarudi na redio ikalia, lakini injini haikuwaka. Sasa anauliza kama anunue stata mpya, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, pampu ya mafuta au kompyuta ya injini. Kwa sasa usinunue chochote. Taa na redio hutumia ampea chache, ilhali stata ya injini ya petroli huvuta ampea mia moja na zaidi kwa mkupuo, na katika injini kubwa hupita mia mbili. Betri inayowasha taa zote inaweza kabisa kukosa nguvu ya kuzungusha injini, na dashibodi inayong'aa haithibitishi kwamba betri ni nzima.

Mwongozo huu unahusu magari ya michezo ya petroli yenye betri ya volti 12, yawe ya ufunguo wa kuzungusha au ya kitufe. Magari ya umeme na yale ya mseto, ambayo utayatambua kwa nyaya nene za rangi ya chungwa, hayamo humu, kwa sababu nyaya hizo hubeba volti mia kadhaa na hazishikwi na mtu asiyefunzwa kazi hiyo.

Magari ya aina hii hupatwa na tatizo hili zaidi ya mengine kwa sababu husimama muda mrefu huku kompyuta, king'ora na kipokezi cha rimoti vikiendelea kunyonya umeme. Gari lililolala vizuri huvuta takribani miliampea 50 au pungufu. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 60 itakuwa imekauka baada ya siku 50 hivi. Uwezo wa kupiga stata hupotea mapema zaidi ya hapo.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Multimita ya dijitali inayopima volti za umeme wa moja kwa moja na ampea hadi 10. Hiki ndicho kifaa cha lazima kuliko vyote, na bila hicho kila hatua inayofuata ni kubahatisha.
- Chaja ya kisasa inayolingana na aina ya betri yako.
- Nyaya nene za kubusti, ikiwa huna muda wa kuchaji. Nyaya nyembamba hupata moto bila kufikisha umeme wa kutosha. Tafuta zenye shaba ya milimita za mraba 25 au zaidi.
- Spana, mara nyingi namba 10 kwa vibanio vya betri na namba 13 kwa kishikio chake, pamoja na brashi ya waya.
- Glavu, miwani ya kinga na tochi.
- Ufunguo wa akiba, na betri mpya ya kidonge kwa ajili ya rimoti.
- Kitabu cha maelekezo cha gari lenyewe, kwa kuwa mahali pa betri, pa fyuzi na pa kubustia hutofautiana mno kati ya gari moja na jingine.
- Kisomaji cha OBD-II, yaani kifaa kinachochomekwa kwenye gari ili kusoma hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta yake, ukiweza kukipata.

Hatua ya 1: Fungua gari bila kuvunja kitu

Rimoti haitafanya kazi. Ndani ya rimoti nyingi umefichwa ufunguo mwembamba wa chuma, na tundu lake huwa kwenye kitasa cha mlango wa dereva, wakati mwingine chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Magari yenye milango ya kufunguka kwa umeme yana njia ya dharura: Chevrolet Corvette ya kizazi cha sita, kwa mfano, ina tundu la ufunguo upande wa nyuma, juu ya kibao cha namba, na ukishafungua buti hapo utakuta utepe wa kuvuta unaofungua mlango wa dereva.

Angalia vioo vya milango. Katika magari ambayo milango haina fremu juu ya kioo, kioo hushuka kidogo kila mlango unapofunguliwa ili kisikwame kwenye mpira wa paa. Betri ikiwa imekufa, kioo hakishuki. Fungua taratibu, kisha usiufunge mlango huo mpaka umeme urudi, kwa maana kuubamiza kunaweza kupasua kioo au kung'oa mpira. Acha mlango mmoja wazi muda wote wa kazi.

Boneti ya umeme huwatesa watu kuliko mlango, hasa pale ambapo betri yenyewe imo chini ya boneti hiyo. Kwenye Porsche 911 ya aina ya 997 na Boxster ya aina ya 987 kuna ncha nyekundu ya kuvuta ndani ya kasha la fyuzi, kwenye nafasi ya miguu ya viti vya mbele. Unaivuta nje, unaiunganishia chanya ya betri ndogo ya volti 12, unashikiza hasi kwenye chuma kitupu cha mlango, kisha unafungua boneti kwa swichi yake ya kawaida. King'ora kinaweza kulia. Kinyamazishe kwa rimoti. Ncha hiyo imewekwa kwa ajili ya kufungulia boneti pekee. Usijaribu kupiga stata wala kuchaji betri kupitia hapo, kwa sababu waya wake ni mwembamba na fyuzi yake itakatika.

Hatua ya 2: Zima kila kitu na utambue aina ya betri

Zima taa, redio, feni na kila chaja ya simu, kisha ondoa ufunguo. Ikiwa gari ni la kitufe, iweke rimoti mbali, mita kadhaa kutoka kwenye gari, ili kompyuta zisiendelee kuamshwa.

Soma lebo ya betri. Betri ya kawaida ya maji, betri ya AGM (ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ndani yake; hizi mbili ni betri za risasi) na betri ya lithiamu hazichajiwi kwa namna moja. Lithiamu si jambo la ajabu kwenye magari haya: Porsche iliitoa kama chaguo kwa 911 GT3, 911 GT3 RS na Boxster Spyder kuanzia 2010, na wamiliki wengi wa magari ya mashindano huifunga ili kupunguza uzito. Chaja ya kawaida yenye mzunguko wa kufufua betri za risasi hutuma mipigo ya volti za juu inayoweza kuharibu betri ya lithiamu pamoja na kompyuta ndogo iliyomo ndani yake.

Ikiwa gari limewahi kutumika kwenye mbio, au ni la aina inayokuja na swichi kuu ya kukata betri, hakikisha swichi hiyo haijazimwa. Kuna magari yaliyokokotwa hadi gereji kwa sababu hiyo peke yake.

Hatua ya 3: Pima volti kabla ya kugusa kingine

Weka multimita kwenye volti 20 za umeme wa moja kwa moja, ncha nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Gusa terminali yenyewe ya risasi, usiguse kibanio, kwa kuwa kibanio chenye kutu kinaweza kukupa namba ya uongo. Kwa betri ya risasi iliyopumzika, volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu robo. Chini ya 11.8 hesabu kwamba imeisha. Betri ya AGM husoma juu kidogo ya hapo. Betri ya lithiamu iliyojaa husoma takribani 13.3, kwa hiyo 12.8 ambayo ni habari njema kwa betri ya risasi ni dalili ya upungufu mkubwa kwenye lithiamu. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, huenda kinga yake ya ndani imejifunga; chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuamsha betri inaweza kuifungua.

Andika namba uliyoipata. Betri ya risasi iliyokaa wiki nyingi ikiwa chini ya volti 10.5 mara nyingi hairudi katika hali yake, hata ikionyesha kujaa baada ya kuchajiwa.

Hatua ya 4: Safisha na kaza viungo

Ondoa kibanio cha hasi kwanza, kisha cha chanya. Mpangilio huu una sababu: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata cheche kubwa na pengine kuungua. Sugua terminali na ndani ya vibanio mpaka chuma king'ae, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, halafu jaribu kukizungusha kila kibanio kwa mkono. Kikisogea hata kidogo, hakijakaza.

Fuata waya wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye bodi, na pia utafute ule unaounganisha bodi na injini. Magari ambayo betri yake imo kwenye buti au mbele ilhali injini iko upande wa pili yana nyaya ndefu, na kila kiungo chenye kutu njiani hupunguza nguvu inayofika kwenye stata.

Hatua ya 5: Chaji betri polepole

Kati ya kuchaji na kubusti, mimi ningechagua kuchaji kila mara muda unaporuhusu. Gari lenye kompyuta kumi na zaidi linapobustiwa huamka likiwa na volti zinazopanda na kushuka, na nusu ya hitilafu za ajabu zinazoulizwa baadaye huanzia hapo.

Unganisha chanya ya chaja kwenye chanya ya betri, na hasi ya chaja kwenye sehemu ya chuma ya bodi iliyotajwa na kitabu cha gari. Usiiweke hasi moja kwa moja kwenye terminali ikiwa pana kisanduku kidogo cha sensa juu yake, kwa sababu sensa hiyo huhesabu umeme unaoingia na kutoka, na ukiipita gari halitajua kwamba betri imejazwa. Chagua aina sahihi ya betri kwenye chaja, kisha tumia kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri: ampea 6 kwa betri ya ampea-saa 60. Kutoka kukauka hadi kujaa ni kazi ya usiku mzima. Anayechaji kwa saa moja na kukata tamaa hajachaji bado.

Chaja nyingi za kisasa hukataa kuanza zikikuta volti za chini sana, kwa kuwa hudhani hakuna betri iliyounganishwa. Mtu huona taa nyekundu na kuamini chaja imekufa. Kwa betri ya risasi, iunganishe sambamba na betri nyingine nzima kwa dakika kadhaa ili volti zipande, kisha chaja itaitambua.

*Tahadhari:* betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Acha buti au boneti wazi, chajia mahali penye hewa, usivute sigara karibu, na uzime chaja kabla ya kuondoa vibanio vyake. Betri iliyoganda kwa baridi, iliyovimba au iliyopasuka haichajiwi wala haibustiwi.

Hatua ya 5 mbadala: Ukilazimika kubusti

Tumia sehemu za kubustia zilizotajwa kwenye kitabu. Anza na waya mwekundu kwenye chanya ya gari lililokufa, peleka upande wake wa pili kwenye chanya ya gari la msaada, kisha waya mweusi kwenye hasi ya gari la msaada, na mwisho mweusi kwenye chuma kitupu cha gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isitokee penye gesi. Washa gari la msaada na uliache lingurume taratibu kwa dakika 5 hadi 10 kabla hujajaribu. Likishawaka, ondoa nyaya kwa mpangilio wa kinyume.

Rudia kutazama alama za chanya na hasi kabla ya kushikiza waya wa mwisho. Kuzigeuza hukata fyuzi kuu na huweza kuunguza, kwa sekunde moja, dayodi za altaneta, yaani jenereta inayochaji betri injini ikifanya kazi.

Hatua ya 6: Ipumzishe, kisha ipime tena

Ondoa chaja, subiri saa kadhaa, na ikiwezekana usiku mmoja. Betri iliyotoka kwenye chaja hubeba volti za juu juu ambazo hupotea zenyewe. Ikibaki 12.6 au zaidi, endelea. Ikishuka chini ya 12.4 bila kutumika, betri hiyo imechoka na hakuna hatua itakayoiokoa.

Hatua ya 7: Fungua swichi, subiri, ndipo upige stata

Fungua swichi ya kuwashia gari bila kupiga stata na usiguse kanyagio la mafuta kwa nusu dakika hivi. Katika muda huo kompyuta za gari huamka, pampu ya mafuta hujenga mgandamizo, na kifuniko cha umeme kinachoongoza hewa inayoingia kwenye injini, kwenye injini nyingi, hujipima mwanzo na mwisho wake. Tazama taa ya imobilaiza, mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambulika, yaani ile taa yenye alama ya ufunguo au ya gari lenye kufuli: inapaswa kuzimika.

Kanyaga klachi mpaka chini kabisa, au breki ikiwa gari ni otomatiki, kisha piga stata huku mtu mwingine akisoma multimita iliyoshikizwa kwenye betri. Kwa betri ya risasi katika hali ya hewa ya kawaida, namba isishuke chini ya volti 9.6. Ikianguka hadi 8 au 7, betri ni mbovu hata kama ilisoma 12.6 ikiwa imetulia. Namba hii moja hutatua zaidi ya nusu ya maswali, na ndiyo ambayo karibu hakuna anayeitaja anapoomba msaada.

Usipige stata kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipe dakika moja ipoe kabla ya kurudia.

Hatua ya 8: Likiwaka, lipe muda wa kujifunza upya

Liache lingurume lenyewe kwa dakika 10 bila kugusa mafuta. Mngurumo unaweza kupanda na kushuka mwanzoni kwa kuwa kompyuta imepoteza vipimo ilivyojifunza. Pima volti kwenye betri wakati injini inafanya kazi: 13.8 hadi 14.7 huonyesha altaneta inachaji, ingawa magari mapya yenye altaneta inayoongozwa na kompyuta huweza kushuka chini ya hapo kwa makusudi. Washa taa kubwa. Ukiendelea kusoma 12.3 na namba inazidi kushuka, altaneta haichaji na ndiyo iliyoimaliza betri.

Vioo visivyoshuka wala kupanda vyenyewe hufundishwa upya, kwa kawaida kwa kukipandisha kioo hadi mwisho na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde kadhaa. Taa za mfumo wa kuzuia kuteleza na za usukani mara nyingi huzimika baada ya kuzungusha usukani kutoka upande mmoja hadi wa pili na kwenda mwendo mfupi. Redio za zamani zitadai namba ya siri. Ukifunga betri mpya kwenye gari kama BMW ya miaka ya karibuni, betri hiyo husajiliwa kwenye kompyuta ili mfumo wa kuchaji ujue umri na ukubwa wake.

Makosa yanayorudiwa sana

Kosa baya kuliko yote ni kuondoa kibanio cha betri wakati injini inafanya kazi ili kujaribu altaneta. Desturi hiyo ilikuwa na madhara madogo enzi za magari yasiyo na kompyuta; leo mruko wa volti unaotokea unaweza kuua kompyuta ya injini, na tayari multimita inakupa jibu lile lile bila hatari.

Kusukuma gari ili liwake ni kosa jingine. Gari la otomatiki au la klachi mbili haliwaki kwa kusukumwa, na hata kwenye gia za mkono, petroli isiyoungua huingia kwenye katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na kuiharibu kwa joto. Kuhusu kubadilisha fyuzi iliyokatika kwa fyuzi kubwa zaidi, ni kutafuta moto.

Likikataa kuwaka: fuata dalili

*Hakuna taa wala sauti.* Umeme haufiki popote. Rudia swichi kuu, vibanio na fyuzi kuu iliyo karibu na betri. Pima volti kila upande wa fyuzi hiyo ukiwa umeshikiza ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Ikiwa upande mmoja una 12 na mwingine sifuri, imekatika, na yamkini nyaya ziligeuzwa wakati wa kubusti.

*Taa ni nzuri, stata kimya.* Hapa ndipo watu hununua stata wasiyoihitaji. Gari linasubiri ruhusa. Je, klachi imefika chini kabisa, au zulia limekwama chini yake? Je, gia ya otomatiki iko P (kuegesha) au N (huru)? Jaribu N hata kama kiashiria kinaonyesha P. Je, taa za breki zinawaka unapokanyaga? Gari lililokanyagwa breki mara nyingi likiwa limezimwa huwa na kanyagio gumu, na swichi ya breki inaweza isitambue. Kanyaga kwa nguvu zaidi. Ikiwa taa ya imobilaiza inawaka au kumeta, jaribu ufunguo wa akiba, badilisha betri ya rimoti, na uweke rimoti mahali palipotajwa na kitabu kwa dharura, ambapo huweza kuwa tundu maalumu au kugusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe. Kwenye magari yenye kufuli la usukani la umeme, zungusha usukani kushoto na kulia huku ukibonyeza kitufe, kwani volti zikiwa za chini kufuli hukwama nusu njia.

Yote hayo yakiwa sawa, badilishana rilei ya stata, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiamuru, na nyingine ya namba ile ile ndani ya kasha la fyuzi. Mwisho, pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, wakati mtu anapiga stata: ukiwa na volti 12 na stata imekaa kimya, stata ni mbovu, ukiwa hauna kitu, tatizo liko kabla yake.

*Milio ya haraka ya tik-tik-tik.* Betri haina nguvu au kiungo hakijashika. Rudi hatua ya 4 na ya 6.

*Mlio mmoja mzito, kisha kimya.* Solenoidi inashika lakini mota haizunguki. Pima upotevu wa volti wakati wa kupiga stata: kati ya chanya ya betri na skrubu kubwa ya stata usizidi takribani 0.5, na kati ya hasi ya betri na chuma cha injini usizidi 0.3. Ukizidi, waya au kiungo hicho ndicho kibovu. Usipozidi, na betri inabaki juu ya volti 9.6, ndipo stata ishukiwe. Gari lililosimama miaka lizungushwe kwanza injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele, kuhakikisha haijashikana.

*Injini inazunguka vizuri lakini haishiki.* Betri imeshamaliza kazi yake, usiendelee kuilaumu. Fungua swichi na usikilize pampu ya mafuta ikivuma kwa sekunde mbili hivi nyuma ya gari. Ikiwa kimya, angalia fyuzi yake, rilei yake, na swichi ya kukata mafuta wakati wa ajali ikiwa gari linayo. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imejaa mafuta: kanyaga mafuta hadi chini na upige stata kwa sekunde chache, kwa kuwa kwenye magari mengi yenye sindano za mafuta za kompyuta kufanya hivyo huzima sindano na kuacha hewa ikaushe. Mazda RX-8, yenye injini ya mzunguko, inajulikana sana kwa tatizo hili, hasa ikizimwa muda mfupi tu baada ya kuwashwa. Petroli iliyokaa zaidi ya miezi sita kwenye tangi nayo hupoteza uwezo wa kuwaka upesi.

*Linawaka na kuzima baada ya sekunde moja au mbili.* Kwanza shuku imobilaiza, halafu kifuniko cha hewa ambacho hakijajifunza upya. Rudia hatua ya 7 bila haraka. Kisomaji cha OBD-II, ambacho hufanya kazi kwenye magari yote ya abiria yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na mengi ya kwingineko ya miaka iliyofuata, kitatoa orodha ndefu ya hitilafu. Nyingi ni kumbukumbu za volti kuwa chini, hasa zinazoanza na herufi U. Zifute zote, jaribu kuwasha, kisha usome zile zilizorudi. Hizo ndizo za kufuatilia.

*Linawaka leo, baada ya siku tatu limekufa tena.* Kuna kinachonyonya umeme. Ondoa hasi ya betri, weka multimita kwenye ampea 10 kati ya terminali na waya wa hasi, funga makomeo ya milango na boneti kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, lifunge kwa rimoti na usubiri. Baadhi ya magari huhitaji hadi saa moja kulala. Usithubutu kufungua swichi wala kupiga stata multimita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua. Ikibaki juu ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ianguke. Vifaa vilivyoongezwa baadaye, kama king'ora, kamera na kifuatilia-gari, ndivyo vya kuangaliwa mwanzo.

*Umefika mwisho na bado halijawaka.* Agiza lori la kubeba gari zima juu. Mwambie mwenye lori mapema kwamba gari liko chini sana, ili aje na mbao za kurefusha ngazi, na kwamba halina umeme, kwa sababu gia ya klachi mbili iliyokwama kwenye P haitaruhusu matairi ya nyuma kuzunguka. Ndoano ya kuvutia huwa kwenye kisanduku cha vifaa na hufungwa kwa kuizungusha kwenye tundu lililo nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa. Itoe kabla lori halijafika, kwa kuwa kisanduku hicho mara nyingi kimo chini ya boneti ile ile inayohitaji umeme kufunguka. Mkabidhi fundi namba zako tatu: volti kabla ya kuchaji, baada ya kupumzisha, na wakati wa kupiga stata.